Kengele ya tangi kwa ATtiny85: betri zaisha siku tano

Boya_Kisauni: Asalaam aleikum wajuzi. Nataka kengele ya tangi la paani, maji ya mfereji yakijaa ilie kabla hayajamwagika. Ni bodi ndogo ya USB yenye ATtiny85 (chipu ndogo ya kuandikiwa programu), swichi ya boya mguu wa PB2, baza (kipaza mlio) mguu wa PB1, betri za AA nne. Programu husoma swichi, kisha hungoja sekunde 8 kwa `delay(8000)`. Betri siku tano chali. Si chipu hii inasifiwa kwa kula umeme kidogo?

WayaMwekundu: Waalaikum salaam. Piga hesabu: AA ya alkali ni kama mAh 2000, gawa kwa saa 120, wapata karibu mA 17. Chipu haijalala hata kidogo, `delay` huizungusha bure tu. Taa ya bodi nayo haizimi, na regyuleta (kisawazisha volti) yala mA kadhaa hata pasipo kazi. Bodi hiyo ni ya kujaribia mezani, si ya kupandisha paani.

Tafuta chipu tupu ya miguu minane, uitie programu kwa bodi ya Arduino Uno. Pakia kwanza ArduinoISP, programu ya kuifanya Uno iandikie chipu nyingine, ndipo utie kapasita ya µF 10 kati ya RESET na GND ya Uno, upande hasi GND. Ukiisahau, Uno hujianzisha upya na kujibu yenyewe, nawe wapewa kosa la saini (namba ya utambulisho) ya chipu. Pini 10 ya Uno iende mguu wa 1 wa chipu, 11 kwa 5, 12 kwa 6, 13 kwa 7. Umeme 8, GND 4. Kasi iache 1 MHz ya kiwandani. Fyuzi (mpangilio wa ndani ya chipu) ya RSTDISBL, inayozima mguu wa RESET, usiiguse kabisa: ukishaiwasha, Uno haiingii tena mpaka kifaa cha V 12.

Betri ziwe tatu. Nne mpya hupita V 6, na chipu mwisho wake V 5.5. Tatu zikichoka hadi V 0.9 kila moja, ndiyo V 2.7, kikomo cha chini cha ATtiny85 ya kawaida.

Kabla ya kuilaza andika `ADCSRA = 0` kuzima kipima volti cha ndani, kisha wochidogi (saa ya ndani ya kuiamsha) ya sekunde 8 na usingizi mzito wa `SLEEP_MODE_PWR_DOWN`. Ulaji wa chipu utashuka hadi µA 10 au chini.

Karafuu: Hapo bado swichi. Ikifunga, rezista ya ndani ya chipu inayouvuta mguu juu kwenye umeme, kΩ 20 hadi 50, yapitisha µA 90 mpaka 225 muda wote. Weka ya nje ya MΩ 1.

WayaMwekundu: Kweli hiyo swichi, lakini MΩ 1 kwa pwani yetu hapana. Chumvi ikishika viungio, umande tu watosha kuidanganya chipu kwamba swichi imefunga. Washa rezista ya ndani, soma, izime, lala. Viungio vipake grisi.

Boya_Kisauni: Na baza? Imeandikwa mA 30.

Karafuu: Mguu wa chipu hauvumilii zaidi ya mA 40, usiulazimishe. Tia transista ya 2N3904 ibebe mzigo, rezista ya kΩ 1 kwenye beisi. Ilie nusu sekunde kila ikiamka. Majirani nao walala.

Boya_Kisauni: Shukrani, naagiza chipu mbili, moja ya kuunguza.