Shahidi mmoja, usiku, mwanga wa tochi: mdogo wangu anaweza kufungwa?

Muuza Nazi: Wakuu, naombeni msaada. Mdogo wangu ana kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha hapa Dar. Duka la jirani lilivamiwa saa nane usiku. Aliyemtaja ni mwenye duka peke yake, anadai alimwona kwa mwanga wa tochi. Kwetu walipekua, hawakukuta kitu. Mtaani wanasema shahidi mmoja hafungi mtu. Kweli? Kesi inaanza kusikilizwa Jumatano na hela ya wakili bado tunachangishana.

Mzee wa Masijala: Pole sana, mwanangu. Nimeshika mafaili ya mahakama mpaka nimestaafu, na hilo la shahidi mmoja limeponza wengi. Sheria ya Ushahidi haitaji idadi. Mmoja akiaminika anatosha, na kwa kosa hilo adhabu inaanzia miaka 30.

Ninyi kazaneni na tochi. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1980, kesi ya Waziri Amani, kwamba ushahidi wa kutambua mtu kwa macho ni dhaifu mno. Hakimu asiutegemee mpaka ajiridhishe hakuna nafasi ya kukosea. Sasa tochi aliishika nani? Kama ni majambazi ndio waliokuwa wanammulika yeye usoni, aliona nini? Alikuwa umbali gani, kwa muda gani, mwanga mkali kiasi gani? Akijibu "mwanga ulitosha" tu, abanwe hapo hapo.

Na maelezo yake ya polisi yaombwe mahakamani. Kama asubuhi ile alisema "watu nisiowajua", halafu jina likazuka baada ya wiki, hapo Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, wana kazi.

Binti Temeke: Lakini Mzee, huyo ni jirani, kamjua dogo tangu anacheza chandimu. Si ndiyo mbaya zaidi?

Mzee wa Masijala: Umesema kweli, binti. Kumtambua unayemfahamu kunaaminika kuliko kumtambua mgeni. Ila hata ndugu wa damu hufananishwa gizani, na mahakama zinalijua hilo. Ndiyo maana siku aliyomtaja ina uzito: unayemjua huhitaji wiki nzima kumkumbuka jina.

Muuza Nazi: Asante Mzee. Usiku ule dogo alikuwa msibani Mkuranga, mama alikuwa naye. Aje aseme?

Mzee wa Masijala: Hilo ungelitanguliza! Huo ni utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio, na mahakama pamoja na upande wa mashtaka wanatakiwa wapewe taarifa kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Mkichelewa, hakimu ana ruhusa ya kutoupa uzito. Andikeni kesho, mpeleke masijala, nakala yenu igongwe muhuri. Dogo halazimiki kuthibitisha alikuwa msibani, akitia shaka ya maana inatosha. Na Jumatano mama akija akae nje, asiingie ukumbini mashahidi wa Jamhuri wakiongea. Akishawasikia, ushahidi wake watautilia shaka.

Muuza Nazi: Nimeelewa. Kesho asubuhi niko masijala.