Wakala wa vifaranga aliniambia "wamechanjwa zote", leo nimezika kuku wa 58

Wakuu, nimetoka bandani sasa hivi. Nimezika watatu wengine, wamefika 58. Nina hasira, na safari hii sitakaa kimya.

Niko Nzuguni, Dodoma. Mwanzoni mwa Aprili nilichukua vifaranga 150 wa chotara kwa wakala mmoja hapa mjini, shilingi 2,300 kila mmoja, jumla 345,000 taslimu. Tuliwapokea usiku stendi ya Nanenane, kwenye yale maboksi yenye matundu. Kabla sijatoa hela nilimuuliza swali moja tu, la mahepe, ule ugonjwa wa kirusi unaopoozesha kuku miguu (Marek): hawa wamechanjwa mahepe? Akanijibu bila kusita, "Dada, wamechanjwa zote huko huko walikototolewa, wewe endelea na kideri na gumboro." Nikalipa.

Naomba mnielewe kwa nini niliulizia hiyo na siyo nyingine. Chanjo za magonjwa mengine nazimudu mwenyewe. Siku ya 7 kideri, ya 14 gumboro, ya 21 narudia kideri, ya 28 narudia gumboro, wiki ya sita ndui. Maji ya bomba yana dawa inayoua chanjo, kwa hiyo nayakinga jana yake nayaacha wazi usiku kucha, asubuhi natia maziwa ya unga yasiyo na mafuta ndiyo nachanganya chanjo. Sijawahi kuruka hata siku moja.

Mahepe ni kitu kingine. Ni sindano ya siku ya kwanza, chini ya ngozi ya shingo, kifaranga akiwa bado kwa mtotoleshaji. Chupa yake hutengenezwa kwa kuku 1,000, na ikishachanganywa lazima itumike muda ule ule. Mimi mwenye kuku 150 nitaifanyia wapi hiyo kazi? Na ukisema umchome baadaye, kirusi kikiwa kimeshamwingia, umechelewa. Dawa ya kumtibu hakuna. Mfugaji mdogo hapo hana namna, amebaki na mdomo wa muuzaji.

Wanne walifia kwenye boksi. Nikasema safari ndefu, sikulalamika. Watano wengine walikufa wiki za mwanzo, hiyo nayo najua hutokea. Nilibaki na 141 wazima, wana manyoya ya kung'aa, wanakimbilia debe la pumba nikilitikisa tu.

Wiki ya tisa mtoto wangu wa darasa la nne akaniita. Mtetea mmoja mweusi amelala ubavu, mguu mmoja ameunyoosha mbele, mwingine ameutupa nyuma, kama mtu aliyeganda katikati ya hatua. Macho yako wazi. Nilipomsogezea chombo akala. Akala kwa haraka kabisa, ana njaa, ila kusimama hawezi. Mtoto akawa anampelekea maji kwenye kifuniko cha ndoo asubuhi na jioni. Siku ya sita tukamkuta amekufa, na wengine watatu wamelala vile vile.

Kuna watakaosema ni kideri. Kideri nakifahamu, kiliwahi kunimalizia kuku wa kienyeji miaka ya nyuma. Kile kinakuja na kinyesi cha kijani, shingo inapinda, ndani ya siku chache banda limebaki tupu. Huu unaokota mmoja leo, wawili keshokutwa, unarudi tena. Nilimwita afisa mifugo akapasua mizoga miwili mbele yangu. Akanionyesha mshipa wa fahamu wa paja: upande mmoja mwembamba kama uzi, upande wa pili umevimba mnene kama kamba ya kiatu. Ini la yule wa pili lilikuwa na mapunje meupe kila mahali. Akafunga kisu chake akasema, mama, hii ni mahepe.

Nikampigia wakala. Mara ya kwanza: "Haiwezekani, wale walichanjwa." Nikamwomba jina la mtotoleshaji na karatasi yoyote ya chanjo. Akasema atanirudia. Kimya siku nne. Nilipompata tena maneno yamegeuka: "Dada, mahepe huchanjwa kuku wa mayai, hawa ni chotara, hawana haja nayo." Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambayo haijaisha mpaka leo. Yaani alijua! Stendi aliniambia zote, na alijua hawakuchanjwa.

Halafu hoja yenyewe ni ya uongo. Kuku wa nyama anachinjwa wiki ya tano au ya sita, anaondoka kabla ugonjwa haujajionyesha, kwa hiyo wengi hawamchanji. Chotara nakaa naye miezi mitano ndiyo aanze kutaga. Anaishi ndani ya umri ule ule ambao mahepe inaua. Kwamba chanjo nayo huweza kushindwa, nakubali, lakini hii haikushindwa. Haikuchomwa.

Hao matetea ndio walikuwa hesabu ya nyumba. Mayai ya kula watoto, ziada niuze kwa majirani, mbolea iende kwenye viroba vyangu vya mchicha na chainizi, majogoo tuuze Desemba. Mashudu ya alizeti nilishanunua gunia mbili nikaweka. Sasa nimebaki na 83, na kila asubuhi kabla ya kufungua mlango wa banda nasimama kwanza nasikiliza.

Kingine kinachoniuma ni bibi jirani. Ana kuku saba wa kienyeji, ndio chumvi yake na sabuni yake. Kirusi cha mahepe kinakaa kwenye vumbi la manyoya, na kinadumu miezi. Huu ni Julai, mnaujua upepo wa Dodoma. Unapiga bandani kwangu, vumbi lote linavuka ukuta wa miti kwenda kwake. Nilienda kumwambia mwenyewe, nikashindwa kumtazama usoni. Yeye hakununua kifaranga kwa mtu yeyote.

Wakala nimemtumia ujumbe wa mwisho jana. Hela yangu, na jina la mtotoleshaji. Amesoma, hajajibu. Picha za mizoga ninazo, maelezo ya afisa mifugo ninayo kwa maandishi, muamala siwezi kuuonyesha kwa sababu nililipa mkononi, na hilo ni kosa langu la kutodai risiti. Ninyi msilirudie. Mwambie muuzaji aandike kwenye karatasi tarehe ya kutotolewa, mahepe imechomwa au haijachomwa, na namba ya toleo la chanjo, ndipo utoe hela. Akikataa, mwachie boksi lake pale pale stendi.

Jumatatu naenda ofisi ya mifugo kuandikisha malalamiko, na nikiwa peke yangu najua watanisikiliza kama mama aliyefiwa na kuku. Kwa hiyo kama ulichukua vifaranga wa mzigo wa Aprili, uwe Ihumwa, Nala, Chamwino, popote, kawaangalie miguu leo kabla giza halijaingia. Ukikuta mmoja amelala vile nilivyoeleza, niandikie hapa hapa.