Makundi ya nyota: eti galaksi yake unaijua kwa chuma?

NyarDunga:
Habari zenu wadau. Juzi saa nne usiku tulikuwa huku Dunga na darubini ya binamu, tukaangalia kusini juu kidogo ya ule Msalaba wa Kusini, upande wa kushoto, tukaona kitu kama unga umemwagika. Programu ya simu ikasema ni Omega Centauri, kundi la nyota kama milioni 10, alafu eti pengine ni masalio ya galaksi ingine iliyomezwa na yetu. Sasa nani alienda huko akajua? Binamu anasema wanapima chuma. Chuma ya nini kwa nyota jameni?

MwalimuLanet:
Dada, hakuna mtu alienda, ni miaka ya nuru kama elfu 17. Wanapasua mwanga uwe kama upinde wa mvua, ndani yake kuna vistari vyeusi, chuma iko na vyake magnesiamu iko na vyake, vile kistari ni kizito ndio wanajua kiasi.
Sasa fikiria steji. Nyota kubwa ni nduthi, haingoji mtu, miaka milioni chache tu imelipuka imemwaga oksijeni na magnesiamu mingi na chuma kidogo. Nyota kibete nyeupe, yaani kiini kinachobaki nyota ya kawaida ikiisha, ni matatu, inakaa hapo ikivuta gesi ya nyota jirani mpaka ijae, inaweza maliza hata miaka bilioni, ikilipuka inamwaga chuma mingi na magnesiamu kidogo sana. Galaksi kubwa iko na mbio ya kuzaa nyota, matatu ya kwanza ikitoka nduthi zishaleta chuma ya kutosha. Galaksi ndogo inajikokota, matatu zinaikuta bado maskini wa chuma, chuma inapanda magnesiamu ikibaki nyuma. Kwa hivyo makundi mawili yakiwa na chuma sawa na moja magnesiamu iko chini, shuku hilo, huenda limezaliwa kwa galaksi ndogo likaletwa huku.

Mkulima_Kitale:
Mwalimu umeeleza poa lakini matatu yako imeacha abiria. Ndani ya kundi moja unapata nyota sodiamu iko juu oksijeni iko chini, jirani yake kinyume, na chuma ni ile ile, na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana ni nini inaleta hiyo. Ukipima nyota tatu useme umejua kwao, umejidanganya. Omega Centauri inashtua juu hata chuma yenyewe inatofautiana, zingine ziko nayo zaidi ya mara 10 kuliko wenzake. Na kama mnataka shahidi angalieni M54, kundi lingine la nyota, iko katikati ya galaksi ndogo ya Sagittarius. Galaksi hiyo iligunduliwa 1994 tu, na yetu bado inaitafuna saa hii.

NyarDunga:
Ala! Na Kilimia, lile kundi la nyota nyanya yangu alikuwa anaangalia ndio apande, nayo ililetwa?

MwalimuLanet:
Hapana, hiyo ni ya hapa hapa nyumbani, tena mtoto, miaka kama milioni 100, chuma yake karibu sawa na ya jua. Lakini mwezi huu wa tano usihangaike kuitafuta, iko upande wa jua.

NyarDunga:
Asante mwalimu. Nilitaka nirudie Omega leo lakini mawingu yamejaa ziwani na binamu amerudi Ahero na darubini yake.