Je, mama anayenyonyesha aweke kopo la maziwa ya akiba nyumbani?

Mama Mtarajiwa

Habari zenu, wenzangu. Nina ujauzito wa wiki ya 36, na nimekusudia kumpa mtoto wangu maziwa yangu pekee hadi atimize miezi 6, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Jambo linalonitatiza ni dogo, lakini limezua mabishano ndani ya familia. Mama mkwe amenunua kopo la maziwa ya unga ya watoto wachanga na kuagiza liwekwe kabatini kwa ajili ya dharura, ilhali dada yangu, ambaye amekwisha kunyonyesha watoto wawili, ananisihi nisilipokee kabisa, kwa kuwa anaamini kopo likishaingia ndani ya nyumba litafunguliwa tu. Sitaki kumvunjia mama mkwe heshima, wala sitaki kujikuta saa nane usiku mtoto analia kwa njaa nami sina la kumpa. Ninyi mliopitia hali hii, mliweka akiba? Na dharura yenyewe hasa ni ipi?

Mama wa Watatu

Hongera kwa kufika wiki ya 36, dada. Nilikuwa na kopo kama hilo kwa mtoto wa kwanza, na nitakueleza jinsi lilivyofunguliwa, maana halikufunguliwa kwa dharura hata kidogo. Ulikuwa usiku wa tatu tangu nijifungue. Mtoto alikuwa akinyonya, anaachia, analala dakika kumi, kisha anaamka kulitafuta titi tena, na kila nilipobinya chuchu niliona vitone vichache vya njano, nikaamini kwamba sina maziwa. Mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa huruma bila kujua afanye nini, akasema, "Si kuna lile kopo?" Tukalifungua. Mtoto akalala saa nne mfululizo nami nikalala, na kulipokucha nikaamka matiti yamejaa na kuwa magumu kama mawe, mtoto akishindwa hata kuishika chuchu kwa jinsi nilivyovimba. Kumbe maziwa yalikuwa njiani usiku uleule niliokata tamaa.

Tangu siku hiyo, kila alipolia baada ya kunyonya nilimwongezea ya kopo, na kadiri nilivyomwongezea ndivyo yangu yalivyopungua, hadi mkunga aliponikalisha chini. Ilinichukua takriban wiki mbili za kukamua na kumweka titini mara kwa mara ili nirudi pale nilipokuwa.

Kwa mtoto wa tatu sikukataa kopo, ila nilibandika karatasi juu ya kifuniko, nikaandika mchana nikiwa nimetulia: "Leo amelowesha nepi ngapi? Amenyonya mara ngapi? Umempigia mkunga?" Halikufunguliwa.

Mkunga Mstaafu

Mwanangu, swali lako la mwisho ndilo lenye uzito, kwa hiyo nitaanza nalo. Siku za kwanza titi hutoa dang'a, yale maziwa mazito ya njano ambayo ni machache kwa kipimo lakini yanalitosha tumbo la mtoto aliyezaliwa kwa wakati na mwenye afya. Maziwa mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 4. Baada ya hapo mwili hutengeneza kulingana na kinachotolewa: titi linalobaki limejaa hupunguza kasi, na titi linalonyonywa hadi kulainika huongeza. Ndiyo maana chupa moja ya usiku, isipofuatana na kukamua, si chupa moja tu, kwa sababu imeuambia mwili kwamba mlo ule hauhitajiki. Mtoto anayenyonya mfululizo jioni, au anayeongeza hamu ghafla karibu na wiki ya 3 au ya 6, kwa kawaida anaagiza maziwa ya kesho.

Dharura ya kweli ina dalili zake. Kuanzia siku ya 5 au ya 6, mtoto anayeshiba hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku. Ni kawaida apungue uzito kidogo baada ya kuzaliwa, lakini akipungua kwa zaidi ya asilimia 10, au wiki 2 zikapita hajaurudia uzito wake, au akawa mlegevu na mgumu kuamka kunyonya, au macho na ngozi vikazidi kuwa vya njano, hapo hapana suala la kabati, ni suala la kumfikisha kwa daktari haraka. Akionekana anahitaji kuongezewa, tunaanza na maziwa ya mama mwenyewe yaliyokamuliwa, kisha ya mama mwingine yaliyopimwa na kutayarishwa na benki ya maziwa pale ilipo, ndipo ya kopo. Yakifika zamu yake, maziwa ya kopo ni tiba, na mama asione haya kuyatumia. Wapo watoto ambao hawapaswi kabisa kupewa maziwa ya mama, kwa mfano wenye galaktosemia, ugonjwa wa kurithi unaoufanya mwili ushindwe kuitumia sukari ya maziwa, na wapo akina mama walio kwenye dawa kali za saratani.

Niongeze jambo ambalo wengi hulisahau: unga ule haukuuliwa vijidudu vyote. Unaweza kubeba bakteria aitwaye Cronobacter, ambaye ni nadra lakini ni hatari sana kwa mtoto wa chini ya miezi 2. Kwa hiyo maji huchemshwa, na unga hukorogwa yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70, kisha hupozwa kabla ya kumpa mtoto. Kilichobaki baada ya kunywa humwagwa, na yaliyotayarishwa hayakai nje zaidi ya saa 2. Vijiko hupimwa kama kopo linavyoelekeza, wala yasizimuliwe kwa maji ili yadumu. Kopo likishafunguliwa hudumu takriban mwezi mmoja tu, kwa hiyo kopo lililofunguliwa usiku mmoja wa wasiwasi halitakuwa akiba tena mtoto akifikisha miezi 3.

Mama Aliyelazwa

Ninawaheshimu waliotangulia, lakini naomba kutofautiana nao. Mwanangu alipokuwa na miezi 2 nililazwa ghafla kwa upasuaji, na maziwa niliyokuwa nimekamua yaliisha kabla ya jioni. Mume wangu alitoka usiku kutafuta maziwa huku mtoto akilia mikononi mwa shangazi yake, na alinunua kopo la kwanza aliloliona, ambalo lilikuwa la watoto waliozidi miezi 6. Kopo moja sahihi, lenye tarehe iliyosomwa vizuri, lingetuepusha na mahangaiko hayo. Nasema moja, si kumi. Mwaka 2022, huko Marekani, kiwanda kimoja kikubwa kiliposimamisha uzalishaji, rafu zilibaki tupu, na walioumia zaidi ni wale ambao watoto wao hawakuwa na chakula kingine.

Baba Kijacho wa Jana

Nami niseme neno kwa upande wetu. Nyumbani kwetu kopo lile lilikuwa la kunituliza mimi. Mtoto alipolia, mke wangu alikuwa na titi nami sikuwa na chochote, basi nikawa natazama kabatini. Mkunga alinipa kazi ya kuhesabu nepi na kuziandika ukutani, na sikulikumbuka kopo tena.

Mkunga Mstaafu

Mama Aliyelazwa amesema kweli, na sipingani naye. Ila akiba ya kwanza naitaka iwe ya kukamua, mara unyonyeshaji ukishatulia, tuseme baada ya wiki 4 hivi. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 katika joto la kawaida la chumba, hadi siku 4 ndani ya jokofu, na yakigandishwa ni bora yatumike ndani ya miezi 6. Na kuhusu dada yako, hofu yake si ya bure: Kanuni ya Kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa maziwa mbadala hairuhusu watengenezaji kuwapa akina mama sampuli za bure, kwa hofu hiyohiyo ya kopo kuchukua nafasi ya titi.

Mama Mtarajiwa

Shikamoo, Bibi Mkunga, na asanteni nyote. Jana nilimshukuru mama mkwe, nikamwomba kopo alitunze yeye kwake, kwa kuwa ndiye atakayekuja kutusaidia nikilazwa. Alicheka, akauliza kama simwamini mwanawe. Karatasi ya Mama wa Watatu nimeinakili, nimeongeza namba ya mkunga kwa maandishi makubwa, na mama mkwe ameibandika mwenyewe juu ya kifuniko. Mume wangu ameshapewa kalamu ya kuhesabia nepi.