Ramani za utabiri wa 2027 zinatupotosha, na wanaozitengeneza hawataki kusikia

Wanajukwaa,

Nimechoshwa na ramani za utabiri wa uchaguzi wa rais wa Kenya wa Agosti 2027 zinazosambazwa katika makundi ya WhatsApp kana kwamba ni matokeo, ilhali nyingi ni nakala za ramani za Marekani zilizobandikwa majina ya kaunti zetu. Kule kulipaka jimbo zima rangi moja kuna maana, kwa kuwa, isipokuwa Maine na Nebraska, anayeongoza katika jimbo huzoa wajumbe wake wote wanaomchagua rais. Kwetu hakuna mgombea anayezoa kaunti. Kifungu cha 138 cha Katiba kinamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa nchini, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47.

Kuna tovuti moja iliyoandika juu ya ramani yake kwamba ushindi ni kaunti 24, na kila kaunti unayoigusa inageuka njano au buluu. Niligusa Lamu, Isiolo, Samburu, Tana River, Marsabit na nyinginezo zenye wapiga kura wachache hadi zikatimia 24, nikamwachia mpinzani Nairobi, Kiambu, Nakuru na Kakamega, na papo hapo ukurasa ukamtangaza mgombea wangu kuwa rais mteule! Kwa kura halisi angebwagwa vibaya. Sharti la asilimia 25 limegeuzwa mashindano ya kunyakua kaunti, na maelfu ya watu wanafundishwa hivyo kila siku.

Rangi zenyewe zinaficha watu. Mwaka 2022 Raila Odinga aliongoza Nairobi, kwa hiyo Nairobi yote inapakwa rangi yake, ingawa William Ruto alipata humo zaidi ya kura 500,000, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya wapiga kura wote waliosajiliwa Marsabit. Lakini Marsabit imetanda sehemu kubwa ya kaskazini ya ramani, na Nairobi ni kidoa. Hakuna mahali ramani hiyo inapokuonyesha kwamba Ruto alivuka asilimia 25 katika kaunti 39 na Odinga katika kaunti 34, wala kwamba walitenganishwa na kura 233,211 kati ya zaidi ya milioni 14.

Hili si jambo dogo katika nchi yetu. Tunakumbuka Agosti 2022, vyombo vya habari vilipokuwa vikitoa jumla zinazotofautiana kutokana na fomu zilezile za 34A, yaani za matokeo ya kila kituo, zilizowekwa wazi na tume ya uchaguzi, IEBC, na wasiwasi uliotanda hadi matokeo yalipotangazwa tarehe 15. Aliyeaminishwa kwa miezi kadhaa kwamba nchi nzima ni rangi ya mgombea wake, akisikia ameshindwa, atasema ameibiwa kura.

Kisha kuna zile asilimia zinazoandikwa kando ya picha za wagombea bila kuelezwa kama ni kura wanazotarajiwa kupata au ni uwezekano wa kushinda, bila idadi ya waliohojiwa na bila jina la aliyelipia utafiti, wakati sheria ya kura za maoni ya 2012 inataka mambo hayo yatajwe.

Wenye tovuti hizi waondoe hesabu ya kaunti 24, waonyeshe kura za kila mgombea katika kila kaunti kwa maduara yanayolingana na idadi ya kura, na waseme takwimu zao zimetoka wapi. Nimewaandikia na sijajibiwa. Naomba nanyi muwaandikie.