Mrejesho: fundi wangu sasa ndiye anaenda Kikuubo

Wapendwa, nimerudi. Mwezi uliopita niliwauliza nifanyeje maana hizi cherehani zangu nne za Jinja zilikuwa zinaniua, kukata mimi, kupokea wateja mimi, kwenda Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla Kampala, kununua nyuzi na zipu pia mimi. Mkasema nimwachie mtu kazi moja kwanza.

Basi nikampa fundi mkubwa safari ya Kikuubo, na orodha, nikamwambia kitu kikizidi laki mbili anipigie. Mara ya kwanza akaleta zipu fupi, roho iliniuma nikataka kumnyang'anya kazi, ila kosa lilikuwa langu, saizi sikuandika. Safari ya pili kaleta sawasawa na bei kapata nzuri kuliko mimi jamani!

Kukata bado sijaachia, moyo unagoma. Lakini jana nimekula na wanangu jioni. Asanteni sana.