Niasinamaidi, bakuchioli au mafuta ya rosemari: kipi kiwekwe dukani Malindi?

MsusiWaShella
Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina saluni ndogo hapa Shella, Malindi, na wateja wangu wengi huja na malalamiko mawili: mabaka meusi yanayobaki baada ya chunusi, na nywele zinazokatika pembeni mwa paji la uso. Zamani waliulizia krimu za kung'arisha, lakini siku hizi wanataja majina waliyoyaona kwenye simu, yaani niasinamaidi, bakuchioli na mafuta ya rosemari. Mtaji wangu unatosha bidhaa mbili mpya tu, na mafuta ya nazi ninayo tayari. Naomba tulinganishe: kipi kinafanya kazi, na kinamfaa nani?

MfamasiaWaLangoni
Wa alaykum salaam, dada. Kwa mabaka ningeanza na niasinamaidi. Hii ni aina ya vitamini B3, nayo haichubui ngozi; hupunguza melanini, yaani rangi ya ngozi, inayopitishwa kutoka seli zinazoitengeneza kwenda seli za juu. Katika utafiti wa Mexico uliochapishwa mwaka 2011, watu 27 wenye mabaka usoni walipaka niasinamaidi ya asilimia 4 upande mmoja wa uso na hidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, ya asilimia 4 upande wa pili. Hidrokwinoni ilitangulia kidogo lakini iliwasha zaidi, na kwa kuwa vipodozi vyenye hidrokwinoni vimepigwa marufuku hapa Kenya, kutangulia huko hakukusaidii dukani. Soma kiwango kwenye chupa kabla ya kununua, kwani tafiti zinazotajwa sana zilitumia asilimia 2 hadi 5, ilhali seramu nyingi sasa zinauzwa kwa asilimia 10, na mimi sioni sababu ya mteja kulipia ziada inayoweza kumwasha.

BintiMambrui
Naomba kuitetea bakuchioli, kwa sababu ngozi yangu haistahimili retinoli, ile aina ya vitamini A inayopakwa kupunguza makunyanzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia watu 44 kwa wiki 12, wengine wakipaka bakuchioli ya asilimia 0.5 mara mbili kwa siku na wengine retinoli ya kiwango hicho hicho mara moja. Makunyanzi na madoa yalipungua katika makundi yote mawili, ila waliotumia retinoli ndio waliolalamika zaidi kuhusu ngozi kubabuka na kuchoma.

MfamasiaWaLangoni
Ni kweli, Binti, lakini watu 44 ni wachache, na wateja wa msusi hawalalamikii makunyanzi. Kuna jambo jingine linalonitia hofu zaidi. Bakuchioli hutolewa kwenye mbegu za mmea wa babchi, na wapo wanaouza mafuta ghafi ya babchi kwa jina hilo hilo kwa bei nafuu. Mafuta hayo yana psoraleni, kemikali inayoifanya ngozi iungue na kuweka weusi ikipigwa na jua, kwa hiyo anayeyapaka asubuhi kisha akapanda mashua anajitafutia mabaka mapya. Kwa wajawazito, retinoli huepukwa, na bakuchioli nayo haijachunguzwa vya kutosha kwao hata ipendekezwe badala yake.

SomoWaMkomani
Wanangu, mimi ni somo hapa Lamu na nimewasinga maharusi wengi. Liwa iliyosagwa kwa marashi hulainisha na kunukisha, na singo huondoa taka mwilini, lakini sijamwahidi bibi harusi yeyote kwamba baka lake litafutika. Wasichana wa sasa huchanganya liwa na ndimu ili uso ung'ae, kisha wiki ya harusi wananijia na michirizi myeusi. Je, ni jambo lile lile la babchi?

MfamasiaWaLangoni
Ndilo, Bi Somo. Maji ya ndimu yana kemikali za jamii moja na psoraleni, na jua ndilo linaloziamsha. Liwa ibaki, ndimu irudi jikoni.

FundiNyweleKilifi
Sasa tuje kwenye nywele, ambako nadhani mnadanganywa zaidi. Sifa ya rosemari inatokana na utafiti wa Iran wa mwaka 2015, ambapo watu 100 wenye upara wa kurithi waligawanywa, nusu wakapaka mafuta ya rosemari na nusu minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ya asilimia 2. Baada ya miezi 3 hapakuwa na mabadiliko ya maana. Baada ya miezi 6 nywele ziliongezeka kwa makundi yote mawili. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganishia lisilopaka dawa yoyote, na minoksidili ya asilimia 2 ni ile hafifu, kwa kuwa ipo pia ya asilimia 5. Zaidi ya hayo, tatizo la wateja wako, dada, si upara wa kurithi. Nywele za pembeni ya paji hukatika kwa sababu ya kusukwa kwa kubana, na tunaobana ni sisi wasusi. Ukilegeza mkono mapema zinarudi, lakini ukichelewa mzizi unakufa, na hapo hakuna mafuta yatakayousaidia.

Kuhusu nazi, utafiti wa India wa mwaka 2003 uliilinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, na nazi pekee ndiyo iliyopunguza upotevu wa protini ya unywele, kwa sababu asidi yake ya lauriki hupenya ndani. Ipakwe kabla ya kuosha nywele. Haioteshi nywele, inazuia zilizopo zisichakae.

MsusiWaShella
Nimewaelewa, na hilo la mkono limeniingia. Basi nitanunua niasinamaidi ya asilimia 5 na kuacha rosemari. Nafasi ya pili niipe bakuchioli?

MfamasiaWaLangoni
Weka krimu ya kujikinga na jua, dada, iliyotiwa rangi. Rangi hiyo ni oksidi za chuma, nazo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao huzidisha mabaka kwenye ngozi nyeusi kuliko nyeupe. Bila krimu hiyo, niasinamaidi itakuwa ikifuta kile jua la Malindi linachokiandika upya kila siku.

BintiMambrui
Ila uchukue rangi zaidi ya moja, kwa sababu ile ya kahawia isiyokolea inatuacha usoni kama tumepakwa chokaa.